Ndizi Isiyoliwa Mbele ya Watu

Wanangu mnaojiandaa kushika kazi ya lishe, nimeombwa niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukiwalisha waendesha baiskeli wetu hapa Kigali. Nilidhani ningeanza na uji, au na vidonge. Kalamu imekataa. Imekwenda moja kwa moja kwenye mteremko unaotoka Kamonyi kushuka mto Nyabarongo, na hapo ndipo nitakapoanza, kwa kuwa hofu ilinifundisha kazi hii kuliko chuo.

Mpaka leo, nikiwa ndani ya basi litokalo Gitarama, mto ule wenye rangi ya udongo ukishaonekana bondeni, viganja vyangu hutoka jasho. Abiria wenzangu husinzia. Mimi huhesabu vifungo vya koti la mtu aliyeketi karibu yangu, nikimaliza nahesabu tena, hadi tuvuke daraja.

Kazi niliyosomea ilikuwa ya watoto wachanga. Katika kituo cha lishe pale Nyamirambo niliwapima uzito, niliandika kadi, niliwafundisha akina mama kupika. Jambo la kwanza tuliloambiwa chuoni lilikuwa hili: usipime maneno ya mama, pima mtoto. Mama atakwambia, "Amekula, amekula sana," naye hasemi uongo, anasema tumaini lake. Mizani haina tumaini. Kanuni hiyo niliishika miaka mingi kwa watoto, kisha nikaisahau siku niliyopewa watu wazima.

Aliyenipa watu wazima alikuwa Mzee Sudi, mkufunzi wa klabu ndogo ya baiskeli ya mtaani kwetu. Alikuwa ameendesha malori nusu ya maisha yake, na kila kilichomo ndani ya mwili wa binadamu alikieleza kwa lugha ya injini. Alikuja kituoni akasimama mlangoni, kofia mkononi, katikati ya akina mama na vichanga vyao.

"Madamu," akasema, "wewe unajua watoto wa utapiamlo. Mimi ninao watano, ila hawa wangu wana ndevu."

Nilicheka, nikakubali. Sikujua nilichokuwa nakubali.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la chumvi, nalo nalisimulia kwa sababu halikumwumiza mtu. Kitabu changu cha chuoni kilisema jasho huondoa chumvi mwilini, hivyo anayefanya kazi ngumu apewe vidonge vya chumvi. Nikawapa wote watano, viwili viwili, na funda moja la maji, kabla ya kupanda kilima. Viani, fundi wa gereji ya Gikondo aliyetuendeshea kamioneti, yaani pikapu, ya kuwafuata, alivimeza pia ili asionekane mnyonge. Hatukufika nusu ya kilima. Vijana walikuwa wameinama kando ya barabara mmoja mmoja, wakitapika, na Viani amefungua mlango wa kamioneti, kichwa nje.

"Madamu," akaguna, "hii tumbo yangu iko bahari. Naona mpaka samaki."

Mzee Sudi hakunikemea. Alichukua debe la maji, akatia chumvi kidogo kwa ncha ya vidole, akaonja, akanipa nami nionje. "Chumvi kavu hainyweki na injini," akasema. "Tia mpaka maji yawe na ladha ya machozi. Yakizidi machozi, mwaga." Nimesoma mengi tangu hapo, na sijapata kipimo kinachomfaa mtu asiye na mizani kuliko hicho.

Halafu kulikuwa na vidonge vya vitamini, vya manjano, ambavyo vijana walivipenda kuliko chakula. Haruna, aliyekuwa bora kuliko wenzake wote, alimeza vinne badala ya kimoja, kisha akanijia na hofu kwamba mkojo wake umekuwa wa manjano kama rangi ya kitenge. Mzee Sudi akamwambia, "Basi sasa choo ndicho kitakachoshinda mashindano." Niwaambie nanyi bila mzaha: kidonge cha vitamini hakina nguvu ndani yake. Ni fundi, si kuni. Mafundi kumi mbele ya jiko lisilo na kuni hawatachemsha hata chai.

Kuni zenyewe ni hizi. Mwili huweka akiba ya sukari katika misuli na katika ini, itokanayo na viazi, ndizi za kupika, wali na mkate. Akiba hiyo si kubwa. Anayepanda vilima kwa kasi huimaliza ndani ya saa mbili hivi, pengine mapema zaidi. Ni kweli tunayo mafuta mwilini, hata aliyekonda anayo, lakini mafuta ni kama mkaa: huwaka polepole, nayo yanahitaji vibanzi vya kuuchochea moto. Sukari ikiisha, miguu huwa mizito. Lakini miguu si jambo la kuogopa. Ubongo ndio wa kuogopa, kwa maana chakula chake ni sukari, na akiba yake mwenyewe haifai kitu.

Mzee Sudi, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alilijua hilo kabla yangu. "Njaa ya barabarani haianzii miguuni," aliniambia, akigonga paji la uso wake. "Inaanzia hapa. Nilizika wenzangu wawili madereva, wote walikuwa wameshinda na njaa. Kwa hiyo muulize mtu jambo la kazi yake, jambo analolijua hata usingizini. Akilikosea, mshushe."

Haruna alikuwa fundi cherehani, mwenye mashine yake barazani mwa duka la kitambaa, na jezi zote za klabu alizishona yeye, pamoja na mifuko mitatu ya mgongoni. Swali lake lilikuwa moja siku zote.

"Haruna! Kaunda suti, vifungo vingapi?"

"Nane, Mzee! Vinne vya mbele, vinne vya mifuko. Mteja akiwa mnene naongeza cha tisa cha kuombea dua."

Alijibu hivyo kila safari, kwa sauti ileile, na kila safari tulicheka.

Sasa nifike kwenye mifuko. Nilikuwa nimeamua kwamba mpanda baiskeli atakula akiwa njiani: ndizi ndogo tamu, zile tuziitazo kamaramasenge, zilizoiva mpaka ganda lina madoa meusi, kwa sababu ndizi yenye madoa wanga wake umeshageuka sukari na haimsumbui mtu tumboni. Kila mmoja nilimpa tano. Niliwafafanulia: moja kila nusu saa, hata kama huna njaa, kwani ukiisikia njaa umeshachelewa. Wakaitika wote, "Ndiyo, Madamu." Tulipofika Gitarama nikakagua mifuko, nikaikuta mitupu. Katika daftari langu nikaandika, kwa mwandiko mzuri: wamekula.

Jumapili tatu mfululizo niliandika hivyo. Nilijiuliza kwa nini wanarudi wamepauka. Niliwaongezea ndizi, wakawa na saba kila mmoja. Mifuko ikarudi mitupu vilevile, nami nikafurahi.

Jumapili ya nne, tukirudi, tulipofika Kamonyi Haruna alianza kubaki nyuma. Jambo hilo halikuwa kawaida yake. Viani aliisogeza kamioneti sambamba naye. Nilimwona uso: umelowa jasho, lakini jasho la baridi, na midomo imekuwa ya kijivu. Alikuwa akitabasamu peke yake.

Mzee Sudi akatoa kichwa dirishani. "Haruna! Kaunda suti, vifungo vingapi?"

Haruna akatutazama, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta nyumba aliyowahi kuingia zamani.

"Vifungo," akasema taratibu. "Vya nani?"

Sijapata kusikia maneno machache yakaniingia mifupani namna ile. "Mpite!" Mzee Sudi akampigia Viani kelele. "Mpite, umzibie mbele!" Lakini barabara ilikuwa imeshainama. Baiskeli ikachukua kasi, na tukaona, wote watatu, kwamba vidole vya Haruna haviko juu ya breki. Vilikuwa vimelegea kando ya usukani. Kona ya kwanza aliipita kwa bahati. Ya pili aliipita upande usio wake. Lori lingekuwa linapanda, nisingekuwa na la kuwaandikia leo. Bondeni niliona daraja, na kingo za chuma, na mto. Nilitaka kufumba macho, nikashindwa. Viani alikuwa akirudia jina la Mungu kwa Kinyarwanda, mguu umekwama juu ya breki yake mwenyewe, hajui amfukuze au amwache.

Haruna hakufika darajani. Kwenye kona ya tatu alikwenda moja kwa moja, akaruka mfereji, akaanguka ndani ya matuta ya viazi vitamu.

Mtulinga wa bega ulikuwa umevunjika. Macho yalikuwa wazi lakini hayaoni. Hapa, wanangu, shikeni hili: mtu asiyeweza kumeza usimtie kitu mdomoni, utamzamisha nchi kavu. Nilimlaza ubavu, nikampaka sukari kidogo kwa kidole ndani ya shavu, nikangoja. Alipoanza kumeza mate, ndipo nikampa chai tamu, kijiko baada ya kijiko. Baada ya kama robo saa alinitazama akauliza, "Madamu, baiskeli iko wapi?" Nililia kwa swali hilo.

Wenyeji walikuwa wamekusanyika, kama wanavyokusanyika katika kilima chochote cha nchi hii, ambako hakuna kichaka kisicho na mtu. Mama mmoja mwenye jembe begani alituangalia, akaiangalia jezi.

"Hawa ndio wale wa ndizi," akamwambia mwenzake. "Kila Jumapili wanawatupia mbuzi wetu ndizi nzima nzima. Mbuzi wangu sasa hataki majani."

Mzee Sudi akanigeukia. Mimi sikuwa na uso wa kumgeukia.

Niliyetumwa kupeleka habari kwa mama yake Haruna, Bi Mariamu, ni mimi, na ilikuwa haki. Alinikaribisha kwa adabu yote ya Nyamirambo, mkeka, chai ya tangawizi, hali za nyumbani kwetu, kabla hajaniruhusu kuliingia jambo lenyewe. Alipokwisha kusikia, alisema bila kupandisha sauti:

"Mwanangu nilimlea. Mtu mzima hafungui mdomo njiani akatafuna mbele ya watu, kama mbuzi. Wewe ni binti wa mwenye duka, mama yako alikuwa shoga yangu. Hakukufundisha hilo?"

"Alinifundisha, mama."

"Wewe umewahi kula barabarani?"

Nilitafuta katika miaka yangu yote. Nilitafuta katika safari za basi za chuoni, nilipokuwa nikishinda na njaa huku mkate uko ndani ya mkoba.

"Hapana, mama."

"Basi ulimtaka mwanangu abebe aibu ambayo wewe mwenyewe huiwezi." Akanimiminia chai nyingine. "Bega likipona atapanda tena ile kitu, namjua, ni kichwa ngumu kama baba yake. Akianguka tena, iko shingoni mwako. Kunywa, inapoa."

Nilikunywa. Na nikiwa katika kunywa ndipo wazo liliponijia, kwa namna ya kijinga, kama funguo unazozitafuta zikiwa mkononi: hakuna aibu ya kunywa. Ubushera, kile kinywaji cha mtama, watu hukinywa sokoni, mlangoni, barabarani, wazee kwa vijana, na hakuna anayegeuza uso. Kutafuna ndiko kunakofichwa.

Nami nilikuwa na uji wangu wa watoto. Kimea cha mtama, yaani mtama ulioloweshwa ukachipua, ukakaushwa na kusagwa, ukitiwa kidogo katika uji mzito ambao umepoa hadi kidole kinaustahimili, huugeuza mwepesi kama maziwa huku nguvu yake ikibaki ileile. Tuliutumia kwa vichanga visivyoweza kumeza kizito. Nikaupika kwa watu wazima, nikaurudisha jikoni uchemke tena, nikatia sukari, na chumvi hadi mpaka wa machozi, nikauchuja kwa kitambaa cha bitana alichonikatia Haruna kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa umefungwa shingoni. Vijana wakacheka. "Madamu anataka tunyonye!" Lakini waliunywa, na safari hii sikukagua chupa tupu. Nilileta mizani ya kituo, nikawapima wao, kabla na baada ya safari, nami nikawauliza maswali yao ya kazi kila kilima.

Hatari ya uji wa kimea ni jua. Siku moja kifuniko cha chupa kiliruka kama risasi, na mmoja wa vijana, mwana wa mwalimu wa madrasa, akaapa kwamba nimemtilia pombe. Kwa hiyo jueni: upikwe alfajiri, unywewe kabla ya adhuhuri, na uliochacha umwagwe bila huruma.

Miezi ikapita. Yakaja mashindano ya Gitarama, kwenda na kurudi, na Haruna akajiandikisha. Siku mbili kabla niliwalisha viazi na wali, maharage nikayazuia, kwa sababu maharage ni chakula chema kwa siku yoyote isipokuwa ya kuamkia mashindano. Asubuhi walikunywa chai na mkate mapema, si kitu kipya, msimpe mtu kitu kipya siku ya mashindano. Bi Mariamu alikuwa kizingitini tulipopita. Hakunipungia mkono. Alinitazama tu, kisha akatazama shingo yangu.

Kwenda ilikuwa salama. Tulipokuwa tukirudi, mahali barabara ilipokuwa ikitengenezwa, baiskeli ya Haruna iliruka shimo, na chupa yake ya pili, iliyojaa, ikachomoka ikaja chini ya gurudumu letu. Nilisikia ikipasuka. Nikalifungua debe la akiba: uji ulikuwa umechacha. Nilikuwa nimeuacha nyuma ya kamioneti, juani, mimi niliyewaandikia wengine sheria. Kilichobaki ni kichane cha ndizi, tulichokuwa tumewawekea vijana wakile baada ya kufika, ndani, mlango umefungwa.

Kamonyi watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, wametoka kanisani, wamevaa vizuri. Nilihamia nyuma ya kamioneti, nikashika chuma. Mzee Sudi akauliza swali lake.

Haruna alichelewa. "Saba," akasema. Akatikisa kichwa. "Hapana. Nane?"

Aliuliza, hakujibu. Nilimwonyesha ndizi. Aliitazama, akawatazama watu, akageuza uso. Mbele yetu, wanangu, ilikuwa kona ya kwanza.

Nilimenya ile ndizi. Nilikuwa mtu mzima, nimejitanda mtandio wangu wa heshima, nimesimama juu ya gari kama mtu aliye jukwaani, na nikaitia mdomoni, nikatafuna, mdomo wazi, ili kila mtu aone. Kelele za watu zilikatika. Kisha mwanamke mmoja akapiga yowe, "Yuu! Mama mzima!" na kicheko kikatembea kilima kizima. Nilihisi masikio yakiwaka. Nikamnyooshea Haruna nyingine.

"Aibu yangu nimeshaila," nikamwambia. "Kula yako."

Viani, mkono mmoja usukanini, alikuwa ameshajitia ndizi nzima mdomoni. Mzee Sudi akala yake akiwa na kofia kichwani, macho mbele, kama askari anayepokea amri. Haruna akatutazama watatu tukitafuna. Akapokea. Akala mbili, bila kupumua, machozi yakimtoka, sijui ya hasira au ya kicheko.

Lakini ndizi haifiki kichwani kwa kumezwa. Huchukua dakika, na mteremko haungoji dakika. "Breki!" Mzee Sudi alikuwa akipiga kelele. "Shika breki, wapite, waache wapite!" Watatu wakampita, na Haruna, aliyechukia kupitwa kuliko kufa, akashika. Niliviona vidole vyake vimekaza juu ya breki. Kona ya kwanza. Ya pili. Niliita, "Vifungo vingapi?" na upepo ukanirudishia sauti yangu. Kwenye kona ya matuta ya viazi niliita tena, hakugeuka. Daraja likaja, na kingo zake za chuma, na maji yale ya udongo, na mimi nikawa nimeushika ubao wa kamioneti hata kucha zikaingia ndani yake.

Alipokuwa katikati ya daraja, bila kugeuka, aliinua kidole.

"Nane!" tukasikia. "Na cha tisa cha dua, Madamu!"

Alimaliza wa nne. Hatukupata kikombe.

Habari hukimbia kuliko baiskeli. Tulipoingia Nyamirambo, Bi Mariamu alikuwa kizingitini, mikono imefumbatwa. Alimtazama mwanawe kuanzia kichwani hadi viatuni, akamshika bega lile, akalibonyeza. Kisha akanigeukia.

"Nimesikia umekula ndizi barabarani. Mbele ya watu wa kanisa."

"Ndiyo, mama."

Aliitazama tena shingo yangu.

"Ilikuwa imeiva, lakini?"